Je, ndege wa jenasi Pithys hula siafu?

Hapana, ndege hawa hawawataki siafu wenyewe. Jenasi Pithys ina spishi mbili tu, zote za misitu ya Amazoni. Kundi la siafu likipita, panzi, mende na buibui hutimka mafichoni kuokoa roho. Ndege anawasubiri, ameng'ang'ania kijiti kilichosimama wima karibu na ardhi, anadaka na kuruka. Siafu ndio wanaomsakia windo, basi. Kwa kuwa ni mdogo, ndege wakubwa humfukuza penye windo nono, naye hujipenyeza pembeni.

Spishi ya pili, Pithys castaneus wa Peru, ina kisa: ilijulikana kwa ndege mmoja aliyekusanywa 1937, ikapotea machoni pa wataalamu hadi 2001.