Magurudumu yenye mota au mota ya kufunga nyuma ya kiti?

Swali: Nilivunjika shingo ajalini, pingili ya 6. Mkono naukunja na kiganja nakiinua, lakini vidole havishiki. Baada ya miaka kadhaa ya kusukuma kiti cha magurudumu mwenyewe, mabega yananiuma. Ndugu yangu aliyeko ng'ambo yuko tayari kuninunulia magurudumu yenye mota, au mota moja ya kufungwa nyuma ya kiti. Nichague kipi? Ninaishi Tanga na husafiri kwa teksi.

Jibu: Pole sana, na maumivu hayo usiyavumilie kimya, kwa kuwa mabega yakiharibika hutashindwa kusukuma kiti tu, bali hata kuhama kutoka kitandani. Kwa hali ya vidole vyako, mimi ningechagua magurudumu yenye mota.

Magurudumu hayo yana kihisio kinachopima nguvu ya mkono kwenye pete ya kusukumia, kisha mota huongeza nguvu yake, iwe unakwenda mbele au unajizuia mteremkoni. Aina nyingine huweza kurekebishwa gurudumu moja moja, jambo linalomfaa sana mtu ambaye mkono mmoja ni dhaifu kuliko mwingine. Utafiti wa Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba waliopooza mikono na miguu walipotumia magurudumu ya namna hii, walitumia nguvu pungufu na kusukuma mara chache kuliko kwa magurudumu ya kawaida. Mota ya nyuma ni nyepesi, yapata kilo 6, na inawafaa wenye vidole imara. Lakini ikishawashwa huendelea kusukuma mpaka uizime, na hata ukiizima ni viganja vyako vitakavyokiongoza na kukisimamisha kiti.

Gharama kubwa ya magurudumu yenye mota, mbali na fedha, ni uzito. Gurudumu moja hufikia kilo 8 au zaidi, kwa hiyo kila safari ya teksi itahitaji mtu wa kulichomoa na kulipakia, na hapo uhuru ulioupata barabarani utaupoteza mlangoni pa gari. Betri ikiisha njiani, utasukuma uzito huo wote bila msaada. Kwenye mchanga, magurudumu madogo ya mbele yatazama vilevile. Ukisukuma kwa nguvu kwenye mwinuko, kiti kinaweza kupinduka kinyumenyume, kwa hiyo usikubali kukitumia bila vigurudumu vya kuzuia kupinduka. Tena, mota haipunguzi mgandamizo wa makalio, nawe utaendelea kuegama mbele na pembeni mara kwa mara ili usipate vidonda.

Kabla fedha hazijatumwa, mwone mtaalamu wa fiziotherapia akague mahali ekseli (mhimili wa magurudumu makubwa) ilipofungwa, kwa sababu magurudumu yaliyokaa nyuma mno huyachosha mabega, na kuyasogeza mbele kidogo huenda kukapunguza maumivu hata bila mota. Mpelekee muuzaji picha na vipimo vya fremu, kwani magurudumu haya huhitaji vishikizo maalumu ambavyo viti vingi vya kukunja vya bei nafuu havivipokei, na umuulize ni fundi gani wa karibu atakayeyatengeneza yakiharibika.