Re: Kukodi ofisi katikati ya Port of Spain

Ndugu, umeuliza uchukue ofisi jirani na Independence Square, katikati ya Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago, au uende Woodbrook, mtaa wa pembeni upande wa magharibi. Kwa kazi yako ya kutoa mizigo, mimi ningebaki mjini, bandari iko hapo hapo. Ila usipande kutazama chumba kabla hujakagua chini. Eneo lile ni tambarare, sehemu yake ilikuwa bahari ikafukiwa, na katika miezi ya mvua, Juni hadi Desemba, ikinyesha kubwa wakati bahari imejaa, maji hayana pa kwenda. Tazama ukuta penye ngazi: rangi ikiwa imebabuka usawa wa goti, umeshapata jibu. Ghorofa ya chini wala usiifikirie.

Kodi wanakutajia kwa futi ya mraba. Uliza kama VAT ya asilimia 12.5 imo ndani, na umeme wa kiyoyozi analipa nani, maana huo ndio utakaokutoa jasho. Maegesho ni balaa, yaandikwe kwenye mkataba.

Halafu Jumatatu na Jumanne ya Carnival, ile sherehe kubwa ya mitaani ya kila mwaka, usimpangie mteja miadi, magari hayapiti. Woodbrook nako ni vivyo hivyo, tena na kelele zaidi.