Mfuko wa hewa wa Takata: usingoje taa iwake

Dada, umeuliza kama uchunguzi wa serikali ya Marekani kuhusu mifuko ya hewa (airbag) ya Takata, kampuni ya Japani iliyoitengeneza, unaweza kuligusa gari lako la 2006 kutoka Japani, ukiwa Kisumu. Unaweza kabisa. Kemikali inayoujaza mfuko, amonia nitrati, huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, kisha ajali ikitokea hulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Na huko ziwani joto na unyevu ni vya kila siku!

Taa ya dashibodi haitakuonya. Chukua namba ya chesisi kwenye logibuku, uitafute kwenye tovuti ya Japani ya kampuni iliyolitengeneza. Ya Marekani haitaitambua. Ikionekana kwamba gari linatakiwa kubadilishiwa mfuko, mpigie wakala wa kampuni hiyo hapa Kenya. Fundi wa mtaani asiufungue huo usukani wenye mfuko, tafadhali.