Upepo wa tairi, mchanga wa Newala na tuta la reli: majibu ya barua zenu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wapanda baiskeli wanaotaka kuacha lami na kufuata njia za vumbi na changarawe kando ya mito yetu. Tumechagua sita.

Shikamooni wahariri. Nina Phoenix saizi 28, ile ya breki za vyuma. Wenzangu wanataka tufuate bonde la Lukuledi kutoka Mtama kwenda Ndanda kwa njia za vijijini. Wananishauri ninunue matairi ya baiskeli ya changarawe niivishe. Yatakaa? (Msomaji, Mtama)

Marahaba, mdogo wetu. Hayatakaa, na usimruhusu fundi ayalazimishe kwa bisibisi. Soma ubavuni mwa tairi lako la sasa, utakuta 28 x 1½ na pembeni yake 40-635. Hiyo 40 ni unene wa tairi kwa milimita. 635 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Matairi ya baiskeli za changarawe yanayoandikwa 700C ni 622. Milimita 13 zinaonekana kidogo, lakini kwenye rimu ni sawa na kofia ya mtoto kichwani kwa mtu mzima. Kinachowachanganya wengi ni kwamba yapo pia matairi yameandikwa 28 x 1.75 na ni 622. Kwa hiyo dukani usiulize "saizi 28" tu, angalia ile namba ya tarakimu tatu.

Habari njema ni kwamba tairi lako la milimita 40 linatosha kabisa kwa bonde hilo. Kinachohitaji kubadilishwa ni gia ya nyuma. Baiskeli nyingi za aina yako zina meno 48 mbele na 18 nyuma: mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita 6. Kwenye tambarare ni raha, kwenye kipando chenye kokoto utashuka ukokote. Mwambie fundi akufungie frii ya meno 22, mzunguko utakuwa karibu mita 5 na miguu itakushukuru. Huenda cheni ikahitaji kuongezwa kipande. Inategemea gurudumu la nyuma lina nafasi kiasi gani ya kusogezwa mbele. Kabla ya kuondoka, shika gurudumu kwa juu ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, koni za haba (kitovu cha gurudumu) zimelegea, na kwenye changarawe beringi hazitamaliza siku.

Njia za huku kwetu zina mchanga mwingi. Natumia baiskeli ya gia, tairi 700 x 45, na kila nikiingia mchangani usukani unakatika nadondoka. Nimejaza upepo mpaka tairi likawa gumu kama jiwe lakini hali imekuwa mbaya zaidi. (Msomaji, Newala)

Imekuwa mbaya kwa sababu umejaza. Tairi gumu linakata mchanga kama kisu, linazama. Tairi laini linajitandaza, uzito wako unagawanyika juu ya eneo kubwa, nalo linaelea. Watu wa uwanda wa Makonde mnaujua mchanga huo kwa miguu: mwenye kandambili pana hazami kama mwenye kiatu cha kisigino.

Kwa mpandaji wa kilo 70 hivi asiye na mzigo, anza hivi. Tairi la 45 lenye tyubu: psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 35 mbele na 38 nyuma kwenye changarawe ngumu. Ukifika mchangani shusha hadi 27 na 30. Kama ni tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, unaweza kushuka hadi 22 na 25. Ukiwa na mzigo wa kilo 10 nyuma, ongeza psi 4 au 5 nyuma peke yake. Hizo ni namba za kuanzia tu. Toa kidogo kidogo, jaribu mita mia, toa tena. Geji ndogo ya mkononi ni kitu cha lazima hapa, maana kidole gumba kinadanganya, hasa tairi likiwa limepigwa na jua.

Kushusha upepo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kugonga jiwe au mzizi, tyubu ikabanwa kati ya rimu na jiwe. Ya pili wengi hawaijui: kwenye tairi lenye tyubu na upepo mdogo sana, tairi huteleza taratibu juu ya rimu kila unapokanyaga au kufunga breki, nalo linaivuta tyubu. Tazama vali. Ikiwa imesimama wima, uko salama. Ikianza kuinama kama mtu aliyeegemea ukuta, simama: toa upepo wote, rudisha tairi mahali pake mpaka vali inyooke, kisha jaza psi 5 zaidi ya mwanzo. Ukiendelea hivyohivyo vali itang'oka kwenye shina, na hapo hapafai kiraka.

Sasa mwili. Badili gia kuwa nyepesi kabla ya kuingia mchangani, si ukiwa ndani. Rudisha makalio nyuma ya siti, mikono ilegee, kanyaga haraka na kwa mfululizo. Usukani utayumba tu, uache uyumbe. Anayeanguka ni yule anayeurekebisha kwa nguvu. Usifunge breki ya mbele. Pita ukingoni penye nyasi, mizizi yake imeushika mchanga, au ndani ya alama mpya ya tairi la gari. Na ondoka alfajiri: mchanga wenye umande umeshikamana, wa saa saba mchana ni unga.

Napata pancha kila safari ya Mikindani. Fundi anabandika, baada ya siku mbili imerudi. (Msomaji, Mtwara mjini)

Dada yetu, tunahisi fundi wako anatibu homa bila kupima. Mara nyingine ikitokea, usitoe tyubu kabla ya kuweka alama ya chaki kwenye tairi usawa wa vali. Kisha toa, jaza upepo, zamisha kwenye beseni la maji, tafuta mapovu.

Matundu mawili yaliyokaa sambamba yanamaanisha tyubu ilibanwa na rimu, ongeza upepo. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au kipande cha chupa: ilaze tyubu juu ya tairi kwa kufuata ile alama ya chaki, utajua mwiba uko wapi. Hapa ndipo siku zako mbili zinapotoka. Ncha ya mwiba hubaki ndani ya mpira wa tairi, haionekani kwa macho. Pitisha pamba au kitambaa laini ndani ya tairi zima. Kitanasa pale penye ncha. Usipitishe kidole kitupu. Tundu likiwa upande wa ndani, unaotazama rimu, tatizo ni spoki iliyochomoza au utepe wa rimu uliohama. Kiraka hakitasaidia mpaka hilo lirekebishwe.

Kubandika nako kuna haraka inayoharibu. Kwaruza kwa msasa eneo lililo pana kuliko kiraka mpaka mng'ao uishe. Paka solusheni kwa wembamba, uiache dakika 5 mpaka ukiigusa pembeni haishiki kidole. Ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu dakika moja. Solusheni ikiwa bado mbichi, kiraka kinateleza juu ya umajimaji, na joto la barabarani linakibandua.

Naona picha za watu wa Ufaransa wakiendesha kando ya mifereji ya kale, njia imenyooka kama uzi. Kwa nini ni tambarare hivyo, na sisi tuna nini cha kufanana nacho? (Msomaji, Lindi)

Mfereji maarufu zaidi kati ya hiyo ni Canal du Midi, uliochimbwa kuanzia 1666 hadi 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet, kilomita zipatazo 240 kutoka Toulouse kwenda upande wa Mediterania. Maji ya mfereji hukaa sawa kati ya lango la maji na lango, na mashua zilivutwa na farasi waliotembea ukingoni. Njia ya farasi ikafuata usawa wa maji, ndiyo maana haina vilima. Msidhani ni raha tupu, hata hivyo: kilomita 50 hivi za kwanza kutoka Toulouse zina lami, mbele ya hapo kuna udongo na mizizi inayogonga mikono kutwa nzima.

Mifereji ya namna hiyo hatuna. Tulicho nacho ni njia ya reli ya mradi wa karanga, uliozinduliwa na Waingereza mwaka 1947. Reli hiyo iliunganisha Nachingwea na pwani, kwanza Mkwaya kwenye ghuba ya Lindi, baadaye bandari ya Mtwara. Karanga zilishindikana, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo palipobaki tuta, mwinuko wake ni wa taratibu. Usitegemee kulifuata mwanzo hadi mwisho. Uliza wazee wa kijiji "njia ya reli" ilipita wapi, na ukikuta limelimwa, zunguka.

Kingo za mifereji ya umwagiliaji kwenye mashamba ya mpunga nazo zinavutia, ila ni udongo uliorundikwa, na mara nyingi upana wake haufiki mita moja. Tairi likichimba mfuo pale ukingoni, maji ya zamu inayofuata yanapenya hapo na tuta linakatika. Omba ruhusa kwa wenye skimu, na pakiwa pameloa shuka utembee pembeni.

Masika niache kabisa? (Msomaji, Nachingwea)

Mabondeni, ndiyo. Kuanzia Desemba hadi Aprili udongo mweusi wa mfinyanzi unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Kosa kubwa ni kulazimisha pedali: cheni iliyojaa tope inakivuta kibadili gia kuingia kwenye spoki, na kile chuma kidogo kinachokishikilia kinavunjika. Beba kijiti, kwangua, kokota. Njia za changarawe za juu, mvua ikikatika kwa siku mbili, zinapitika.

Ukirudi, osha cheni, ikauke, kisha tone moja la oili kwa kila kiungo na ufute kwa nje mpaka kitambaa kitoke safi. Oili chafu ya injini acheni. Inashika mchanga ikawa msasa. Pima cheni kwa rula: viungo 12 kamili (cha nje na cha ndani vikihesabiwa kimoja) ni inchi 12. Ikifika inchi 12 na 1/16 kwenye baiskeli ya gia nyingi, badilisha, la sivyo itakula na meno ya nyuma, ambayo bei yake ni nyingine.

Tunapanga kushuka hadi Ruvuma na kulala ukingoni. Ushauri? (Wasomaji watatu, Tandahimba)

Msilale ukingoni. Ruvuma una mamba na viboko. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na kurudi alfajiri kwa njia ileile. Ukiona njia pana iliyokanyagwa ikiingia mtoni, usiweke hema hapo wala kusimama kati yake na maji. Maji chukueni kisimani kijijini, lita 5 kwa kila mtu kwa siku ya jua, na paketi chache za chumvi za kuchanganya na maji (ORS), moja kwa lita moja. Pia huo ni mpaka na Msumbiji, na tangu mapigano ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017 doria ni za kawaida. Pigeni hodi kwa mtendaji wa kijiji mapema mchana mkiwa na vitambulisho, mseme mnakoelekea na mnakotaka kulala. Akiwaambia mrudi, rudini.