Kuandika matumizi mkisafiri wawili nje: tulivyofanya kutoka Mombasa hadi Livingstone

Kaka, umeuliza programu gani ya simu ya kuandika matumizi itawafaa wewe na bi harusi wako mkishika njia kutoka Mombasa hadi Livingstone kule Zambia, mabegi mgongoni. Ukaongeza kwamba kila mmoja atalipa lake, hesabu mtafanya mkirudi. Mimi na mume wangu tumeipita njia hiyo kwa mabasi, kwa hiyo nitajibu kwa marefu kidogo.

Programu za kugawana bili kama Splitwise ni nzuri kwa marafiki, maana kazi yake ni kuonyesha nani anamdai nani. Mke na mume mkianza kudaiana chai ya Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mtafika Lusaka mmenuniana. Wekeni mfuko mmoja wa safari na mchange kabla hamjavuka feri ya Likoni. Nani atoe kiasi gani, hayo yamalizeni nyumbani, mlango umefungwa.

Kisha gawaneni kazi: mshika pochi asiwe mshika kalamu. Kwetu mume wangu alilipa, mimi niliandika. Hivyo hakuna aliyeweza kusema hakujua fedha zimebaki ngapi, na hakuna aliyejifanya waziri wa fedha.

Sasa kuandika kwenyewe. Msijaribu kuandika kila kitu kinaponunuliwa. Mkifika Tanga mtakuwa mshachoka na daftari mtalitupa. Sisi tulihesabu noti. Asubuhi kabla ya kutoka gesti tunahesabu fedha taslimu, jioni baada ya kula tunahesabu tena, na kilichopungua ndicho matumizi ya siku. Hapo ndipo nakigawa katika safu nne: kulala, kula, njia, na ya nne tuliyoiita Jini. Jini ni zile ambazo hakuna anayekumbuka zimekwenda wapi: choo cha stendi, maji, mahindi ya kuchoma yaliyoletwa dirishani, kijana aliyebeba begi hatua kumi. Siku moja ya Mbeya, kwa shilingi za Tanzania, ukurasa ulisomeka hivi: kulala 30,000, kula 22,000, njia 4,000, Jini 3,500. Jumla 59,500. Dakika tano, kazi imekwisha. Tulikuwa tumekubaliana kiwango cha Jini kwa siku, na likila chini ya hapo hakuna swali. Likizidi, tunakaa kukumbuka, na mara nyingi mwizi alikuwa ni malipo ya mizigo kwenye buti la basi.

Andikeni kwa fedha ya pale mlipo. Kugeuza kuwa shilingi za Kenya kufanyike mara moja kwa juma, na kwa kiwango mlichokipata nyinyi wenyewe, si kile cha intaneti. Ukitoa 10,000 za Kenya ukatiwa mkononi 190,000 za Tanzania, kiwango chako ni 19, hata kama simu inakwambia 20. Makato ya wakala na ada za benki nayo yamo humo humo, kwa sababu ndiyo gharama halisi ya kuishika ile fedha. Kwenye mashine ya benki, ikikuuliza kama ungependa kukatwa kwa shilingi za Kenya, kataa. Chagua fedha ya nchi uliyomo, maana ukikubali, kiwango wanapanga wao na huwa kibaya.

Jambo linalowakosesha wengi hesabu ni ukubwa wa namba. Tanzania elfu moja ni kama hamsini yetu, kwa hiyo siku za mwanzo kila bei inakutisha na unajinyima hata supu. Ukivuka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, mambo yanageuka. Zambia walifuta sufuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013, na tulipopita sisi kwacha moja ilikuwa kama shilingi zetu tano au zaidi kidogo. Unaona chakula kimeandikwa 80 unasema rahisi, kumbe umekula mia nne na ushee. Bila daftari, Zambia ndiko mfuko utakakotobokea. Mimi niliandika kwa kalamu nene ndani ya jalada: kwacha 20 ni mia moja. Ilitosha.

Basi za usiku pia huvuruga. Tiketi ya Dar hadi Lusaka inavuka siku zaidi ya moja, na ukiibandika yote siku ya kununua utaona siku hiyo mmefilisika na inayofuata mmekuwa matajiri. Igaweni kwa siku za safari. Kumbukeni vilevile kwamba usiku wa kwenye basi hamkulipa gesti, kwa hiyo si ghali kama inavyoonekana. Saa za Zambia ziko nyuma yetu kwa moja, ila kwetu siku ilifungwa baada ya chakula cha jioni, saa yoyote. Cha baada ya hapo ni cha kesho.

Simu tuliitumia kwa mawili tu: kupiga picha ya ukurasa kila jioni, daftari lisije likalowa, na lahajedwali la kujumlisha, ambalo halihitaji intaneti.

Halafu posho. Kila mmoja apewe sawa, kila juma, na isiandikwe popote. Yeye zake zilikwenda kwenye mpira na soda, mimi kwenye vitenge, na hakuna aliyemhoji mwenzake. Zawadi za mama mkwe ziamueni kabla ya safari zinatoka mfuko gani. Nakusihi hili kama dada yako.

Mkirudi, kwacha zilizobaki zibadilisheni mjini kwenye duka la kubadilishia fedha lenye leseni, muache kidogo tu ya njiani. Wale vijana wanaobadilisha fedha mpakani Tunduma wana haraka, hivyo hesabu mwenyewe noti kabla hujatoa zako mkononi. Sarafu hawazitaki kabisa, zimalizeni kwa ndizi na maji upande wa Nakonde.