Mwiko wa Tom: ushauri kwa wanaoanza kuchora katuni Lubumbashi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya katuni hapa Lubumbashi, anayekuja kujifunza kwetu Kamalondo haanzi na kompyuta. Anapewa daftari, anaambiwa apange filamu kumi bora za Tom and Jerry, kuanzia ya kwanza hadi ya kumi, na aandike sababu ya kila nafasi. Bila sababu, orodha hairudishwi hata na alama.

Nimechagua paka na panya hawa kwa kuwa karibu hawasemi kitu. Sisi watu wa mji huu tumelelewa na vichekesho vya maneno. Kundi la Mufwankolo liliwachekesha wazazi wetu kwa Kiswahili chetu cha hapa, redioni na kwenye televisheni, na silaha yao kubwa ilikuwa mdomo. Ni urithi wa kujivunia, lakini unamponza mchoraji anayeanza: anamjaza mhusika wake maneno, halafu mchoro unasimama palepale ukipiga domo dakika nzima. Tom hana pa kujificha hivyo. Akiumia, mwili wake lazima useme.

Anzeni na filamu 114 zilizoongozwa na William Hanna na Joseph Barbera katika studio ya MGM, kuanzia 1940 hadi 1958. Nyingi ni za dakika saba au nane tu. Zile 13 za Gene Deitch, zilizotengenezwa Prague, na zile 34 za Chuck Jones za miaka ya 1963 hadi 1967 ziwekeni pembeni kwanza. Za Deitch zina mwendo wa kukatikakatika na sauti za ajabu. Za Jones zina nyuso nzuri sana, ila kukimbizana kumepoa. Mtazirudia mkishapata jicho.

Najua mtakimbilia kunakili orodha ya zile saba zilizopata Oscar. Msifanye hivyo. Majaji walikuwa na sababu zao, na mimi nataka zenu.

Kipimo ninachowafundisha ni kimoja: tafuteni mwiko. Katika kila filamu jiulizeni, Tom amekatazwa nini, na nani amemkataza? Mwiko ukiwa mkali na wazi, kichekesho kinajiendesha chenyewe. Mwiko ukikosekana, mtaona watu wanapigana tu, na kupigana kunachosha upesi.

Chukueni Quiet Please! ya 1945. Mbwa Spike anataka kulala, amechoka na kelele, anamwonya Tom kwamba akisikia tena hata sauti moja atamchuna ngozi. Basi. Tangu hapo Jerry ana kazi moja, kupiga kelele, na Tom ana kazi moja, kuizima kila kelele kabla haijafika sikioni mwa mbwa. Tazameni pale Jerry anapomwangushia balbu za umeme. Tom anazidaka zote, mikono imejaa, ameshinda! Ndipo Jerry anauchomeka mkia wa Tom kwenye soketi, na balbu zote zinawaka. Rudieni kipande hicho polepole na mwangalie uso wa Tom kati ya kudaka balbu ya mwisho na kuguswa kwa mkia. Kuna kituo kidogo pale, Tom anapata nafasi ya kufurahi. Mwanafunzi wa kawaida angekiondoa akidhani anaokoa muda, na kicheko kingekufa.

Hata hivyo naiweka ya pili. Ya kwanza kwangu ni The Cat Concerto, iliyotoka miaka miwili hivi baadaye. Tom anaingia jukwaani na koti la mkia, anainama, anakaa, anaanza kupiga Rapsodia ya Kihungari Namba 2 ya Franz Liszt. Jerry amelala ndani ya piano, nyundo zinamrusha. Mwiko hapa ni kwamba mpiga piano hawezi kusimamisha muziki mbele ya ukumbi uliojaa watu. Hakuna anayeusema! Spike alilazimika kufungua kinywa ili tuelewe sheria. Hapa koti na jukwaa vimeshatuambia kila kitu. Jerry anaweka mtego wa panya mahali pa vibao vya piano, na vidole vya Tom vinaupita kushoto, vinaupita kulia, vinaupita tena, hadi kimoja kinanaswa. Muda wote huo anajaribu kubaki na uso wa heshima. Kwangu hakuna mnyama wa kuchorwa aliyewahi kuigiza aibu ya mbele za watu vizuri kuliko huyu.

Nafasi ya tatu naipa Johann Mouse, ambayo wengi huisahau. Jerry anaishi nyumbani kwa mtunzi wa muziki Strauss mjini Vienna, na kila waltzi inapopigwa hawezi kujizuia kutoka kucheza. Mwenye nyumba akisafiri, Tom anajifunza kupiga piano ili panya atoke. Lakini akiinuka kumkamata, muziki unakoma na panya anakimbia. Mwiko umemfunga kwa mikono yake mwenyewe. Mouse Trouble ya 1944, ile ya Tom na kitabu cha kufundisha kukamata panya, ninaipenda ila naiteremsha: ni mtego baada ya mtego, na ungeweza kubadilisha mpangilio wa sura zake bila kuharibu kitu.

Jambo jingine msiliruke. Kuna filamu ambamo mlipuko unaugeuza uso wa mhusika kuwa mweusi, kwa midomo mikubwa, ili watazamaji wa Marekani wa wakati ule wacheke sura kama zetu. Kuna mwanamke mweusi mtumishi wa nyumbani ambaye tunaonyeshwa zaidi miguu yake. Kuna His Mouse Friday ya 1951, yenye walaji watu wa kisiwani, ambayo kwangu iko chini kabisa. Mtu asiwaambie mnakuza mambo. Andikeni kwenye daftari: hapa mchoraji aliishiwa na wazo, akatudhihaki. Ufundi mzuri wa filamu hizo haufuti hilo, na ninyi mnaochora watu wa mitaa yetu ya Katuba na Ruashi mna wajibu wa kulijua mapema.

Kuhusu utaratibu wa kutazama: pakueni filamu kwenye simu wakati umeme upo, maana haungoji mtu. Tazama mara ya kwanza kama mtoto. Mara ya pili zima sauti. Mara ya tatu funga macho usikilize muziki peke yake, wa mtunzi wao Scott Bradley. Muziki huo unafuata kila hatua na kila anguko kwa karibu kiasi kwamba utajua Tom yuko wapi. Kisha chagua sekunde mbili tu, picha 48, uzipite moja moja na uchore mistari ya mgongo wa Tom. Mgongo tu. Masharubu yatakuja.

Baada ya orodha ndipo mnaandika mwiko wenu. Mwanafunzi mmoja aliniletea huu: meza ya nyumbani, bukari, yaani ugali wetu, inatoa mvuke, samaki thomson mmoja kwenye sahani, paka chini ya meza, na mgeni wa heshima anasali sala ndefu. Hakuna anayeruhusiwa kusogea wala kufungua macho hadi amina. Paka hasali. Nilimwambia aanze kuchora siku ileile, bila neno hata moja zaidi ya hiyo amina.