Timu yangu imenyamaza, niongeze ukali?

SWALI: Habari yako mshauri. Mimi ni supavaiza kwa kampuni ya kuprinti hapa Industrial Area, niko na watu 9, wengi ni mafundi niliofanya nao mashine kwa miaka kabla bosi anipandishe cheo. Tangu nipewe hii nafasi wamenyamaza. Kila Jumatatu tuna mitingi, nauliza kama kuna shida, wote wanasema hakuna, halafu shida inajitokeza ikiwa imeshakomaa. Juzi tumetoa vipeperushi 2,000 nambari ya simu ya klaenti ikiwa imekosewa, na kumbe fundi aliiona mapema kabisa akanyamaza. Bosi anataka nimfute kazi. Mimi nataka timu ya wachapakazi, sasa niongeze ukali ama nifanye nini?
Supavaiza, Industrial Area

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hiyo hasara inauma, karatasi na wino zimeenda na klaenti amekasirika. Lakini tafadhali usiongeze ukali, na huyo fundi usimfute kwanza. Hebu nikuulize, mara ya mwisho mtu kukuletea habari mbaya ulimjibu vipi? Kama ulipandisha sauti mbele ya wengine, basi wote 9 walisikia, na siku fundi alipoiona ile nambari alipiga hesabu akaona ni heri anyamaze. Huenda ukali wenyewe haukuwa wako, ni wa supavaiza aliyekutangulia, lakini sasa cheo ni chako na hofu umeirithi pamoja nacho.

Kuna mtafiti wa Harvard anaitwa Amy Edmondson, alichunguza makosa ya dawa kwa wodi za hospitali Marekani, utafiti wake ukachapishwa 1996. Alitarajia timu zinazoelewana vizuri zitakuwa na makosa machache, lakini ripoti zikaonyesha kinyume, hizo ndizo zilikuwa na makosa mengi kwa karatasi. Alipochimba zaidi akaona kwamba wale watu walikuwa huru kusema walipokosea, wakati kwa timu zingine makosa yalikuwa yanafichwa. Kwa hivyo ukisikia "hakuna shida" kila Jumatatu usifurahi, hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba kuna kitu hakisemwi.

Sasa acha kuuliza "kuna shida?" mbele ya watu wote, nani atainua mkono? Pita kwa mashine mtu akiwa anafanya kazi, umuulize hii kazi ya leo inaweza kutuharibikia wapi, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Pia weka sheria kwamba shiti ya kwanza ikitoka inaangaliwa na watu wawili, majina, nambari za simu, tarehe, kabla mashine haijaachiliwa iendelee, na yeyote akiona kasoro ana ruhusa ya kuisimamisha bila kutafuta supavaiza. Toyota wamefanya hivyo miaka mingi, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anavuta kamba, kiongozi wake anakuja kusaidia, na isipotatuliwa haraka laini ya uzalishaji inasimama. Siku ya kwanza mtu wako atakaposimamisha mashine, hata kama ni alamu ya bure na dedilaini inawakimbiza, mshukuru mbele ya wenzake kwa sababu wote watakuwa wanakuangalia uso. Na kama uliacha kula nao kwa kibanda tangu upandishwe cheo, rudi, kuna mambo utaambiwa juu ya chapati na madondo ambayo ofisini hutayasikia kamwe.

Kuhusu huyo fundi, kaa naye pembeni umuulize ni nini kilimfanya anyamaze, usimuulize kwa nini alikosea. Naye bosi mkumbushe Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41: kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi mbaya lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na haki ya kuja na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na asikizwe. Lakini ukishafungua mlango hivi na mtu bado anaficha makusudi, hapo chukua hatua bila kusitasita, maana wale wanaosema ukweli wanastahili kulindwa.

SWALI: Dada, niko na watu 6 wa mauzo hapa Westlands. Bonasi nimpe mtu mmoja mmoja ama timu nzima?
Meneja, Westlands

JIBU: Inategemea kazi inapitia mikono mingapi dada yangu. Kama mmoja anatafuta klaenti, mwingine anaandika kwotesheni na mwingine anafuatilia malipo, gawa kwa timu nzima, la sivyo wataanza kufichana nambari za simu. Kama kila mtu ana klaenti wake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, lipa mmoja mmoja, ila waeleze hesabu mapema mwezi unapoanza na usiibadilishe katikati hata bosi akikusukuma.